Nyungunyungu Hawakufa

Tarehe 3 Juni 2021, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, jani jipya la mche wa pili lilikuwa limejikunja kwa ndani kama kiganja kinachokinga maji. Thea Brandvold alipiga magoti akaangalia miche mingine mitano. Wa tatu ulikuwa umejikunja vilevile. Wa tano ncha yake ilikuwa imejisokota. Mitatu iliyobaki haikuwa na kitu.

Miche sita ya bangi ndiyo ambayo sheria ya California inaruhusu nyumba moja ipande, na sita ndiyo waliyopanda Thea na mumewe Lyle kila mwaka nyuma ya nyumba yao, katika bonde la Alder Fork, kaunti ya Humboldt. Ilikaa yote katika tuta moja lililozungushiwa mbao: urefu hatua sita, upana hatua mbili, kina sentimita arobaini na tano. Lyle alilijenga mwaka 2010 kwa mboji, mchanga wa mtoni, makaa yaliyopondwa, mwani na majani ya mwaloni, na tangu siku hiyo jembe halikuingia humo. Kila baada ya mavuno mashina yalikatwa usawa wa ardhi, mizizi ikaachwa ioze ilipo, na juu yake likatandazwa tabaka jingine. Waliolima ni kuvu, vijidudu na nyungunyungu. Mbolea ya chupa haikuwahi kuvuka lango.

Mwaka 2016 Lyle alianguka kutoka juu ya paa akavunja pingili mbili za uti wa mgongo. Sehemu ya maua Thea aliyapika katika mafuta ya zeituni ya kumchulia. Yaliyobaki Lyle aliyavuta barazani baada ya chakula. Lakini asubuhi ile Thea hakuhofia mafuta wala moshi. Vyote viwili vilipatikana dukani mjini. Tuta halikupatikana dukani. Lyle alikuwa na miaka sabini na mmoja na hakuweza kuinua ndoo iliyojaa. Tuta likifa, hangejenga jingine.

Lyle alitoka na vikombe viwili vya kahawa.

"Ni jua hilo," alisema. "Jana lilikuwa kali."

"Jana ilikuwa nyuzi ishirini na mbili."

"Basi umezidisha maji."

"Nimeingiza kidole. Maji ni sawa."

"Wewe mwanamke, hata jua likichomoza unalidai risiti."

Aliketi pole pole kwenye ukingo wa mbao, akafunua matandazo kwa mkono, akatoa konzi ya udongo mweusi. Akaitawanya kiganjani.

"Hesabu. Saba. Nyungunyungu saba katika konzi moja! Udongo mgonjwa haujai watu namna hii."

Thea hakuwa akiwatazama nyungunyungu. Alitazama kilichofunuliwa: samadi ya farasi iliyooza, unene wa vidole vitatu, iliyotandazwa tarehe 10 Aprili. Ilitoka kwa Wendell Prewitt, jirani yao wa ng'ambo ya kijito.

Thea alifanya kazi miaka ishirini na minane katika maabara ya maji, na bondeni alijulikana kwa kanuni moja ambayo watu walikuwa wamechoka kuisikia: samadi yoyote ya nje, ipandwe maharagwe kwanza, ingojwe wiki mbili. Kuna dawa za magugu za malisho zinazoua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Farasi hula nyasi hizo asidhurike. Dawa hupita tumboni mwake, hupita hata katika rundo la mboji, na kufika kwenye tuta ikiwa nzima. Nyungunyungu haimsumbui. Haragwe halifichi: jani lake la tatu hutoka limekunjamana.

Samadi ya Wendell aliipima mwaka 2011 na 2012. Zote zilikuwa safi. Wendell alikuwa mtu wa kung'oa miiba kwa mkono, na baada ya hapo Thea akaacha kumpima.

"Ulipima hii?" Lyle aliuliza.

"Sikupima."

"Wewe?"

"Mimi."

Lyle alikunywa kahawa yake hadi mwisho. "Mganga hajigangi," alisema.

Siku hiyohiyo Thea alijaza vyungu kumi na sita. Vinne vilikuwa na samadi iliyobaki kwenye rundo, vinne udongo wa juu ya tuta, vinne udongo wa kina cha sentimita kumi na tano, na vinne udongo wa chini ya mwaloni, ambako samadi haikuwahi kufika. Udongo wa kina aliutoa kwa bomba jembamba ili asilivuruge tuta. Kila chungu kilipata maharagwe matatu na kikombe kimoja cha maji. Vyote vilikaa dirisha moja.

Lilibaki jambo la Jumamosi. Kwa desturi ya bonde, Jumamosi ya tatu ya Juni mwenye tuta jipya huja na ndoo kwa mwenye tuta la zamani, akachukua udongo kidogo wa kuanzishia, kama mtu anavyoomba hamira kwa jirani. Mwaka huo nyumba tatu zilikuwa zimeomba kwa Thea. Alizipigia simu zote.

"Msije," alisema. "Huenda tuta langu lina sumu."

Wa pili alicheka, akidhani ni utani. Thea alimwambia si utani, na kwamba jibu lingekuwapo tarehe 17.

Tarehe 5 Wendell Prewitt alivuka kijito akiwa na buti za zizini. Lyle alikuwa amemwambia.

"Thea, nasikia farasi wangu wameua."

"Hawajaua. Napima."

"Mimi sijawahi kupulizia dawa hata nzi. Miaka arobaini!"

"Najua. Wanakula nini?"

"Farasi hula nini, biskuti? Nyasi!"

"Nyasi za wapi?"

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame, na uwanda wa Wendell haukutoa nyasi za kukata. Alikuwa amenunua marobota sitini ya nyasi kavu kwa mfanyabiashara wa upande wa pili wa milima.

"Nyasi ni nyasi," alisema, ila sauti ilikuwa imeshuka.

"Mpigie simu."

"Nimwulize nini? Kama nyasi zake zimebatizwa?"

"Mwulize kama shamba lilipuliziwa, lini, na dawa gani."

Wendell aliondoka bila kahawa, jambo ambalo Lyle alisema hajaliona tangu wajuane.

Alirudi tarehe 9, kofia mkononi. Hakukaa.

"Lilipuliziwa," alisema. "Mei mwaka jana. Jina la dawa nimeliandika hapa. Muuzaji anasema mwenye shamba hakumwambia, naye hakuuliza. Mimi nami sikuuliza."

"Na mimi sikupima," Thea alisema.

"Basi tuko watatu."

"Wanne," Lyle aliita kutoka dirishani. "Mimi ndiye niliyesema samadi ya mwaka huu inanukia vizuri."

Kufikia tarehe 12 miche yote sita ilikuwa imejikunja. Jioni hiyo, mbele ya sahani za maharagwe na mkate wa mahindi, Lyle alisema lililokuwa kooni mwake tangu siku ya kwanza.

"Najua unachofikiria. Unafikiria kuchimba."

"Nafikiria."

"Udongo hai hujitibu, Thea. Upe molasi, upe makaa, uachie muda. Vijidudu wataila hiyo dawa."

"Wataila. Lini?"

"Lini, lini! Wakimaliza."

"Labda mwaka, labda mitatu. Mvua za Novemba zitaisukuma chini. Ikifika sakafuni hatuna cha kubakiza."

"Na ukichimba unakata kuvu yote. Miaka kumi na moja, mama! Sijaruhusu hata mbwa akwangue humo."

"Ndiyo maana tunangoja maharagwe."

"Maharagwe," Lyle alisema, akaisukuma sahani yake mbali.

Tarehe 17 asubuhi Thea alihesabu mara mbili. Kisha akafunika alama za vyungu kwa karatasi ya gundi, akavichanganya, akamwita mumewe.

"Tenganisha vizima na vigonjwa. Usiniulize kipi ni kipi."

Lyle alivaa miwani. Alichukua muda mrefu, akainua kila chungu hadi usawa wa jicho. Alipomaliza, vyungu vinane vilikuwa kushoto na vinane kulia, na hesabu yake ilikuwa sawa na ya Thea. Thea alibandua karatasi. Kulia, kwenye vigonjwa, vilikuwa vyungu vyote vya samadi na vyote vya udongo wa juu. Kushoto vilikuwa vya mwaloni na vya sentimita kumi na tano. Katika hivi vya mwisho maharagwe yote kumi na mawili yaliota. Kumi na moja yalikuwa yamenyooka, na moja walibishana juu yake, wakaliacha na alama ya kuuliza.

Lyle alikishika chungu chenye haragwe hilo.

"Kwa hiyo chini kuko hai."

"Kwa sasa."

"Ukitoa sentimita kumi na nane za juu?"

"Kumi na nane inatosha, nadhani. Sina uhakika."

"Leo hii ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukisema nadhani." Alikirudisha chungu dirishani. "Haya. Toa."

Akatoka nje akang'oa miche sita mwenyewe, mmoja mmoja, mkono mmoja ukiwa umeshikilia ubao.

Tarehe 20 Wendell alikuja na toroli na beleshi bapa. Thea alikuwa amepigilia misumari kwenye mbao kuonyesha sentimita kumi na nane, na beleshi halikupita hapo. Udongo uliotolewa ulikwenda kwenye uwanda wa Wendell, maana nyasi haziogopi dawa ile, na uwanda ule haukuwa na kazi nyingine ila nyasi. Wendell aliahidi kwamba samadi ya farasi watakaolishwa pale haitavuka kijito.

Kazi ya Lyle ilikuwa nyungunyungu. Aliketi kwenye kiti karibu na toroli, akapekua kila mzigo kabla haujaondoka, akawaokota na kuwatia ndoo yenye udongo wa chini. Alihesabu hadi mia nne na kumi akaacha.

"Mzee, unawapa na majina?" Wendell aliuliza, jasho likimtiririka.

"Huyu nimemwita Wendell. Mnene, na hafanyi kazi."

"Mwangalie vizuri. Pengine ana mgongo mbovu."

Zilitoka toroli kumi na tisa. Kuvu ilionekana ilipokatwa, nyuzi nyeupe kwenye ukuta wa udongo, na Lyle aligeuza kiti chake akaangalia upande wa kijito mpaka walipomaliza. Kisha akamimina ndoo ya nyungunyungu katikati ya tuta na kuwafunika kwa majani ya mwaloni.

Kesho yake Thea alipanda maharagwe ishirini na manne kwa mistari, tuta zima. Tarehe 5 Julai yalikuwa yameota ishirini na matatu. Ishirini na moja yalikuwa yamenyooka. Mawili yalijikunja, na yote mawili yalikuwa pembe ya magharibi, mahali Wendell alipomwaga samadi yote Aprili kabla haijatandazwa.

"Pembe hiyo siiamini," Thea alisema. "Tutaichimba zaidi na kuipima tena mwakani. Kwingine kunapandika."

"Miche mingapi?"

"Tumechelewa. Miwili, upande wa mashariki."

"Miwili," Lyle alisema. "Hata sungura angetucheka."

"Sungura hajapima."

Tarehe 6, saa moja na robo asubuhi, Wendell alileta miche miwili aliyoiomba kwa jirani wa juu ya bonde. Thea alitaka kujua ilikuzwa katika nini. Wendell alikuwa ameuliza: majani ya mwaloni na mboji ya jikoni, bila samadi. Lyle alipiga magoti, jambo lililomchukua dakika nzima, akatoboa mashimo mawili kwa mkono, akapanda.