Zikipita Kumi

Mafundi wenzake walimwita Kobe, na wala si kwa uzembe. Kwa kupaka rangi dari hakuwa na mpinzani. Brashi yake haikudondosha tone. Walimwita hivyo kwa sababu ukimjia kwa nyuma bila kukohoa, kichwa chake kilitumbukia mabegani kama kinatafuta gamba. Walicheka, naye akacheka nao. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili atawaambia nini? Kwamba baba yake wa kambo alishaoza kaburini na yeye bado anamwogopa?

Kilichompeleka kwa mshauri ni bakuli la kioo. Binti yake wa miaka tisa alilivunja jikoni, na yeye akaingia mbio kuangalia kama mtoto kajikata. Alipoinua mkono kuchukua ufagio uliotundikwa ukutani, mtoto akajikunyata na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Kobe aliganda. Hakuwahi kumpiga mtoto yule, hata kofi la mzaha.

"Mwanangu, nani anakupiga? Shuleni?"

"Hakuna, baba. Nimeshtuka tu."

Baadaye mkewe alimkuta amekaa uani, ufagio bado mkononi. Alikaa kando yake.

"Baba watoto, yule hakuogopa mkono wako. Anakuiga. Kakuona ukifanya hivyo tangu anatambaa. Anadhani ndivyo watu wote wanavyoshtuka."

Maneno yale yalimchoma kuliko mkanda wa baba wa kambo. Wiki haikuisha, akakubali kwenda kwa mshauri ambaye mkewe aliambiwa habari zake na muuguzi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la dawa: viti viwili, feni inayolalamika, pazia la kijani. Ukuta mmoja ulikuwa umepakwa vibaya, na Kobe alijizuia asiuseme. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini si wa kubembeleza.

"Utakumbuka jambo lililokuumiza, huku macho yako yakifuata vidole vyangu. Kushoto, kulia. Huhitaji kunisimulia kila kitu."

"Basi, Dokta?"

"Basi. Na mimi si daktari, kaka. Niite dada."

"Dada, mimi nimetazama kuta miaka ishirini. Kama macho yangeponya, si ningekuwa mzima?"

Mshauri alicheka kwa dhati, na Kobe akamwamini kidogo.

Mara mbili za mwanzo hakukuwa na vidole. Alifundishwa kupumua na kuchagua mahali pa kukimbilia akilini mambo yakizidi. Wengine huchagua bustani. Yeye alichagua nyumba tupu aliyomaliza kuipaka, madirisha wazi, hakuna mtu ndani. Mara ya tatu mshauri akasogeza kiti.

"Kutoka sifuri hadi kumi, linakuuma kiasi gani?"

"Tisa," akasema. Aliona haya kusema kumi.

Vidole viwili vikaanza kwenda na kurudi. Akaiona jikoni ya zamani: mafuta yaliyomwagika sakafuni, yeye ana miaka minane, mkanda wa baba wa kambo ukitoka kiunoni kwa mlio ule wa kuteleza. Mgongo wake wa leo, juu ya kiti, ukawaka moto. Vidole vikasimama. "Vuta pumzi. Nini kimekuja?" Akajibu neno moja, wakaendelea. Alitoka amelowa jasho, akalala mchana kutwa kama mgonjwa wa homa.

Walirudia wiki baada ya wiki. Mkanda ukaanza kwenda mbali, ukawa kama kelele za nyumba ya jirani. Tisa ikawa sita, sita ikawa tatu. Ndipo siku moja, vidole vikiwa njiani, macho yake ya ndani yakatoka kwa baba wa kambo na kutua kwenye kona ya jikoni. Hakuona kitu kigeni. Siku zote alijua kilichokuwepo pale, ila alikizunguka kama mtu anavyozunguka shimo gizani.

"Mama yupo," akasema.

"Anafanya nini?"

"Anakunja nguo. Hajaacha kukunja nguo."

Jumapili iliyofuata akaenda kwa mama yake. Bibi kizee alikuwa akiishi kwa dada yake Kobe, mguu mmoja umepooza, akili timamu. Dada mtu alipotoka kwenda sokoni, Kobe akavuta kigoda.

"Mama, siku zile za mkanda. Ulikuwa unaona?"

Alitegemea kukanushwa. Alikuwa hata ameandaa hasira. Lakini mama hakushangaa. Alitazama mikono yake.

"Nilikuwa nahesabu fimbo za ule mkanda," akasema. "Nilijiambia, zikipita kumi nitanyanyuka. Zikipita kumi, nasema labda kumi na tano. Na mimi alikuwa ananipiga, mwanangu, hilo hukulijua. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima. Wewe ulikuwa mtoto. Nisamehe."

Kobe alilitafuta neno. Lilikuwa fupi tu, lakini halikupanda.

"Leo siwezi, mama."

"Haya. Bora umesema kweli."

Akaendelea kwenda kila Jumapili. Alimkata kucha, akamgeuza kitandani, akamchekesha kwa visa vya wateja wanaochagua rangi ya maziwa na kurudi kulalamika kuwa ni nyeupe. Kila akiaga, mama alimtazama usoni sekunde moja zaidi, bila kuuliza. Na kila mara Kobe alijiambia, Jumapili ijayo. Neno lilikuwa linasogea. Alilihisi kifuani, kisha kooni.

Mama alikufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Kobe akiwa juu ya ngazi kwenye jengo la ghorofa tatu. Dada yake alipiga simu. Alishuka ngazi moja moja, akaosha brashi zake zote, akazipanga, ndipo akakaa chini.

Baada ya mazishi alirudi nyuma ya duka la dawa.

"Nilikuwa nimekaribia, dada," akasema. "Wallahi nilikuwa nimekaribia."

Mshauri hakumwambia kwamba mama alijua amesamehewa, wala kwamba amepumzika. Alisema tu, "Pole, kaka yangu," akakaa naye. Kobe akalia. Miaka yote alipojililia, alikuwa akimlilia mtoto wa jikoni. Siku ile alimlilia yule mwanamke wa kwenye kona, na nguo zake, na hesabu zake.

Kazini waligundua kwamba ukimjia kwa nyuma anageuka tu na kukuitikia salamu. Hakuna aliyemuuliza kulikoni. Jumapili asubuhi bado huvaa shati safi na viatu, akafika mlangoni, akasimama pale akiwa ameshika kitasa, mpaka mkewe amwite ndani.