Nyuzi Tatu Nyembamba

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, Jamaldini alilifungua gitaa la marehemu Khalfani juu ya meza ya karakana yake, Ngarenaro. Lilikuwa gitaa la zamani la stirio. Pikapu yake, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, iligawanywa katikati: nyuzi tatu nene zilikwenda spika ya kushoto, tatu nyembamba spika ya kulia. Fundi mmoja alikuwa ameziunganisha waya zote pamoja, akaona kazi imekwisha. Jamaldini hapendi kazi ya kulipua. Alirudisha kila waya mahali pake, akalehemu upya, na uhodari huo ndio uliomponza.

Alipojaribu kupiga, kushoto alisikia mlio wake mwenyewe. Kulia alimsikia Khalfani, aliyezikwa miaka kumi na miwili iliyopita. Marehemu alikohoa kidogo, kama kawaida yake, akaanza wimbo.

Jamaldini alikagua lehemu. Ilikuwa safi.

Wimbo ulikuwa uleule ambao maharusi wa Arusha huingia nao ukumbini, na redioni husemwa Jamaldini alimtungia mkewe, Faudhia. Ukweli ni kwamba aliyeutunga ni Khalfani. Alimfundisha rafiki yake, akafariki wiki hiyohiyo, kabla hajamwimbia aliyemkusudia. Maiti haulizwi sanda, na Jamaldini hakuuliza. Alibadilisha jina moja tu, maana majina yote mawili yalikuwa na mapigo sawa.

"Rukaiya," aliimba Khalfani kwenye spika, bila kinyongo.

Aibu ilimpanda Jamaldini mpaka masikioni.

"Khalfani," alisema, "mkeo yuko njiani kulichukua gitaa. Nisitiri, ndugu yangu."

Spika ikanyamaza.

Rukaiya aliingia na kanga ya kulifungia.

"Limepona, shemeji?"

"Limepona."

"Hebu nisikie."

Jamaldini alipiga, na kulia Khalfani akakohoa, akaitikia. Rukaiya alivuta stuli, akaketi karibu na spika hiyo.

"Ni yeye," alisema. "Na kile kifua bado hakijapona." Alisikiliza kidogo. "Basi nipigieni ule wa Faudhia. Miaka yote namwonea wivu mwenzangu. Wangu alinipenda, sikatai, lakini wimbo hakunipa."

Jamaldini aliimba. Khalfani alimsindikiza vizuri kuliko alivyowahi kupiga akiwa hai. Walipofika kwenye jina, spika ya kulia ilinyamaza, ikamwachia nafasi. Jamaldini alimtazama Rukaiya, ambaye alikuwa amefumba macho. Moyo ulimsuta kweli, na nafasi ilitosha kwa jina lolote.

"Faudhia," aliimba.

Khalfani akaendelea na ubeti wa pili. Wimbo ulipokwisha, Rukaiya alifuta machozi, akalifunga gitaa kwenye kanga, akashukuru.

"Nisalimie Faudhia," alisema mlangoni. "Mwambie ana bahati."