Wosia Uliobanwa kwa Pini

Asubuhi ya kesi, mtoto wa marehemu Fundi, mshonaji aliyenifunza kazi, alinikuta kwenye ngazi za mahakama, akatabasamu kama mtu anayepimwa suti.

"Dada'angu, wewe ni mtu wa kazi, si wa maneno. Sema tu hukumwona mzee akitia saini. Cherehani nakuletea mpaka mlangoni."

Alijua pa kunigusa. Miaka sita niliikalia cherehani ile, tangu nimalize darasa la saba, na Fundi aliniandikia mimi, ukurasa wa tatu wa wosia. Nyumba, ukurasa wa pili, alimwachia mkewe mdogo. Lakini wosia aliuandika mwenyewe. Hakutaka wakili, alisema kupima na kukata ni kazi yake mwenyewe. Akatuita mimi na fundi viatu wa jirani tuwe mashahidi. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba sheria haimruhusu shahidi wa wosia kurithi kitu. Wosia ukisimama, mjane anabaki na nyumba, mimi nabaki na vidole vyangu. Ukianguka, kijana anaishika nyumba, na ameshamwambia mke wa baba yake afunge masanduku.

Mjane mwenyewe hakunipenda. Aliniita "yule wa cherehani". Siku hiyo nilipomwamkia, aliitikia huku anatazama ukuta. Alikuwa ametuona ngazini.

Fundi viatu alitangulia kizimbani. Saini aliikubali, ila kuhusu kurasa alisema, "Mheshimiwa, mimi nazijua soli." Watu wakacheka. Kijana alicheka kuliko wote, maana dai lake ndilo hilo: ukurasa wa pili umechomekwa baada ya mzee kufa.

Nikaitwa mimi. Wakili wa kijana alianza kunitazama kutoka viatuni.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Wosia huu uliusoma?"

"Hapana. Fundi aliufunika kwa kitambaa, akaacha pa kutia saini."

"Hujui kilichoandikwa, na umekuja kuapa! Au mama huyu amekufundisha?"

"Huyo hajawahi kunifundisha kitu. Hata salamu anaitikia kwa shida."

Hakimu alijikohoza. Mjane alinikata jicho.

"Kurasa zilikuwa tatu," nikaendelea. "Nilizihesabu akizibana."

"Akizibana na nini?"

"Na pini. Fundi hakuwa anakata nguo bila kubana. Alisema kitambaa kisichobanwa huhama. Alizipanga zote tatu, akachoma pini kila pembe. Chini kushoto mkono ulimtetemeka, akachoma mara mbili."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Na saini? Ulimwona kwa macho yako?"

Kijana alikuwa akinitikisia kichwa, taratibu. Nikaiona cherehani akilini: gurudumu lake, na pale rangi ilipotoka kwa kushikwa na kiganja changu.

"Nilimwona. Alitia saini pini zikiwa bado zimo, tukafuata sisi. Ndipo akazichomoa."

Hakimu alizipanga kurasa, akaziinua dirishani. Karani naye akasimama kuchungulia. Kila pembe tundu moja, chini kushoto mawili, kurasa zote tatu. Wakili alifunga faili lake kabla hajaambiwa akae.

Wosia ukathibitishwa. Zawadi ya shahidi, hakimu akasoma, ni batili. Cherehani iende kwa mjane pamoja na mali iliyobaki.

Nje, kijana alinipita bega kwa bega. "Umekula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua."

"Nilichagua," nikamwambia.

Akatema mate karibu na kiatu changu, akaenda zake.

Mjane alisimama getini, mkoba ameukumbatia. "Usingoje nikushukuru. Nilikuona unanong'ona naye."

"Ulituona, mama. Hukutusikia."

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kuna sare mbili za watu hazijatiwa mikono. Kesho uje."

"Kwa cherehani ya nani?"

"Yangu. Hukumsikia hakimu?"

Kesho yake nilifika mapema. Nilimkuta ameshakaa kwenye kiti changu, mguu juu ya kanyagio, mkono mmoja wa sare chini ya sindano. Uzi alikuwa ameutunga vibaya. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikasubiri uzi ukatike.