Zege la Mtaa wa Juu

Fundi alikuwa akimimina naitrojeni ya kimiminika kwenye tangi la kupozea kidhibiti umeme, mvuke mweupe umemfika kifuani, dada yake alipoingia getini amekumbatia mashine ya kuangulia mayai.

"Jifunge kamba kwanza, dada."

Alijifunga. Alipokanyaga tu kokoto za kituo cha umeme, miguu ikainuka shibiri moja. Tangu kidhibiti kiwashwe, kila kilichokuwa ndani ya uzio kilielea. Mafundi walishazoea. Walijaza nati na bolti mifukoni ili wanywe chai wamekaa.

"Kwetu umeme umekatika tena," alisema dada. "Na vifaranga vinatoka leo. Vikipoa ndiyo basi."

"Chomeka pale ukutani mwa kibanda."

Kazi ya kidhibiti si ngumu kueleza. Kikiwa na baridi kali, umeme hupita ndani yake kana kwamba hakipo. Hitilafu ikitokea na umeme ukaja kwa fujo, hupata joto, kikaubana, kisha kikapoa. Hakuna haja ya kumkatia mtu umeme. Kilinunuliwa kikae katikati, kilinde mtaa wa juu na mtaa wa chini. Lakini lori la zege lilifika kabla ya michoro, na meneja, kwa kuogopa zege lisigande bure, akaamuru limwagwe pale pale dereva alipoegesha, kwenye laini ya mtaa wa juu, na kidhibiti kikasimamishwa juu yake. Tangu hapo huko juu taa hazijawahi hata kufifia. Mtaa wa chini hukatiwa umeme kila tawi likigusa waya.

Mchana tawi liligusa waya. Kidhibiti kikapata joto, na wote wakashuka taratibu kama watu wanaokaa kitini. Kilipopoa wakapaa tena, safari hii na mayai, maana kifuniko cha mashine kilikuwa wazi. Yalianza kupasuka hewani. Vifaranga vikatoka vikibiringika, kimoja kikatembea kwenye dari ya kibanda kichwa chini bila wasiwasi.

Dada alicheka hadi akajizonga na kamba. Akaegemea kidhibiti, nacho, tani zake zote, kikasogea.

"Hamkukifunga?"

Fundi alijipapasa mifuko. "Nati zake ndizo hizi."

"Sasa si mkisogeze katikati?"

Wakakisukuma, yeye kwa kiwiko, fundi kwa kidole, wakicheka. Huko mtaa wa juu taa zikafifia mara moja, na meneja akaja mbio. Alipopita getini mbio zikageuka kuogelea.

"Rudisheni," alisema, kifaranga kimetua kwenye upara wake.

"Mkubwa, katikati ndiyo mahali pake."

"Najua." Alikuwa akicheka pia, amebinuka miguu juu. "Ila tukikitoa pale, tutaulizwa lile zege la nini."

Wakakirudisha.

Jioni watu wa mtaa wa chini walijipanga getini: kinyozi na mashine yake, mshona nguo na pasi, mama mmoja na jokofu kwenye mkokoteni. Fundi aliwagawia kamba mmoja mmoja. Kinyozi akapata soketi, akaanza kumnyoa mteja wakizunguka polepole juu ya transfoma.

"Mayai mengine bado," alisema dada.

"Yaache kwenye mashine. Mpaka asubuhi yatakuwa tayari."

Soketi zilipojaa, fundi aliwaomba waliobaki waje kesho, waje mapema. Kisha akarudi kwenye tangi. Lilikuwa limebaki nusu, akaanza tena kumimina.