Mstari Nyuma ya Liberatus

Wivu wa Ambrosi haukuwa wa kupiga kelele. Katekista hapigi kelele. Aliumeza pamoja na ugali, ukamwamsha kabla ya kengele ya sala, na watu wakimwuliza mbona amekonda alijibu kwamba ni mfungo. Mfungo gani mwezi wa Agosti, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kisa chenyewe kilikuwa Liberatus. Huyu alikulia kijiji kimoja na Evarista, mke wa Ambrosi, na zamani aliwahi kupeleka posa kwao ikakataliwa. Akaenda zake Mbeya, akafanya ukarani miaka mingi, na sasa amerudi na kuhamia Idodi, kijiji cha katekista, ana koti la kijivu, baiskeli, na sauti ya kuimba ambayo hata Padre aliisifu. Hayo yote Ambrosi angeyavumilia. Lakini kila alipopita mbele ya nyumba ya katekista, Liberatus alipunguza mwendo, akavua kofia na kusalimia kwa Kihehe, "Kamwene, Eva!" Eva! Kijiji kizima kilimwita Mama Yohane, na Ambrosi mwenyewe, aliyemvisha pete kanisani, hakuwahi kumkata jina katikati.

Mwaka huo, hamsini na saba, Idodi ilitakiwa kuchagua mjumbe wa kwenda baraza la wilaya, Iringa. Jumbe aliwakusanya watu akataja wagombea wawili: Liberatus, na Zubery, mwenye duka, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani. Kura zingepigwa kwa miguu. Wagombea wasimame uwanjani, na kila mtu, wanawake nao mwaka huu, akajipange nyuma ya anayemtaka. Jumbe akaendelea kueleza mengine mengi, lakini Ambrosi hakuyasikia. Alikuwa anayafuata macho ya Liberatus aone yanatua wapi, na kila mara aliyaona yanatua kwenye kanga ya mkewe. Kisha akaanza kuiona siku yenyewe, Evarista amesimama nyuma ya lile koti la kijivu, karibu kiasi cha kunusa sabuni, na watu wote wanatazama.

Wakristo wa Idodi, na karibu wote walikuwa Wakatoliki, hawakuwa na la kujadili. Liberatus amebatizwa, anakomunika, anaimba. Wamchague nani tena? Mzee wa kanisa, Kalinga, alimfuata Ambrosi baada ya rozari.

"Katekista, Jumapili Padre hayupo. Utusemee neno, watu wajue kura ni ya mwenzetu wa imani."

"Nitasema, Mzee," Ambrosi akajibu.

Na kweli alisema. Alisimama mbele ya altare, akafumba macho asimwone Liberatus, watu wakadhani ni Roho.

"Ndugu zangu, ubatizo unamwosha mtu dhambi, haumfundishi kujenga daraja. Msihesabu nani ana rozari na nani hana; kila mmoja afuate dhamiri yake. Mbele ya Mungu hatutaulizwa kama tulimchagua wa dini yetu, tutaulizwa kama tulimchagua mtu wa haki. Mama Fanueli alipozidiwa na uchungu wa uzazi, lori la nani lilimpeleka Iringa usiku ule? Zubery alimwuliza kwanza kama amebatizwa?"

Mama Fanueli akajifuta macho na ncha ya kanga. Maneno yalikuwa ya kweli yote, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa, maana hakuna hata moja ambalo lingemtoka Ambrosi kama Liberatus angemwita Evarista Mama Yohane kama watu wengine. Nje, Mzee Kalinga alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba hajapata kusikia moyo mpana namna hiyo. Ambrosi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Siku hiyo alikula akaongeza.

Evarista alikuwa anasugua sufuria. "Umesema vizuri, Baba Yohane," alisema bila kugeuka. "Ila mimi nitasimama kwa Liberatus."

Ambrosi akarudisha tonge sahanini. Angemkataza vipi, naye ametoka kuwaambia watu kila mmoja afuate dhamiri yake? Akanawa mikono, akatoka kwenda kufagia kanisa ambalo lilikwisha kufagiwa.

Siku ya uchaguzi Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alifika kutoka Iringa na Landrova yake, na filimbi ikapulizwa. Watu wakamiminika kwa Zubery, Mama Fanueli mbele, hata Mzee Kalinga na fimbo yake. Nyuma ya Liberatus walikwenda wachache. Wa kwanza wao alikuwa Evarista, amejifunga kanga yake ya Pasaka. Liberatus aligeuka akamwona, akatabasamu mpaka fizi. Ambrosi, katikati ya mstari wa Zubery, alitamani akamvute mkewe kwa mkono mbele ya serikali. Zubery alipotangazwa mshindi watu walipiga vigelegele na kumpongeza katekista. Yeye hata hakuwasikia.

Nyumbani wivu ulimtoka wote kwa mara moja.

"Umenivua nguo mbele ya kijiji! Umesimama unamhemea shingoni! Kama ulimtaka ungeolewa naye!"

Evarista alitua ndoo ya maji.

"Mjumbe anahamia Iringa," alisema. "Anapewa nyumba mjini, huku anarudi sikukuu tu. Jumbe alieleza siku ile, watu wote wakasikia. Wewe ulikuwa wapi?"

Ambrosi akavuta kigoda.

"Nimemchoka yule mtu. Nimemchoka na baiskeli yake na hiyo Eva yake. Nimesali novena nzima achaguliwe, aende zake, tupumue. Nikazunguka kwa wanawake wenzangu nyumba kwa nyumba nikiwabembeleza, nao walikuwa wamekubali, mpaka uliposimama pale altareni. Kura ya kumbakiza umeipiga wewe."

"Lakini ..."

"Ngoja, sijamaliza. Jaha, mke wa Zubery, ameniambia pale pale uwanjani. Wanahama wiki ijayo, na duka wanamwachia Liberatus alisimamie, kwa kuwa anajua hesabu. Chumvi, mafuta ya taa, kiberiti, vyote nitakuwa nakwenda kwake."

Ambrosi alikaa kwenye kigoda. Kutoka pale alipokaa, mlango wa duka la Zubery ulionekana wote, ng'ambo ya barabara.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuambia nitasimama kwa Liberatus," Evarista akajibu. "Hukuniuliza kwa nini."