Fanny wa Ghent

Mume wangu Régis alifariki Alhamisi asubuhi, hospitalini Marseille, na niliporudi La Ciotat sikwenda nyumbani. Nilipitia uwanjani. Sikuwa na namba za simu za wenzake, na Alhamisi mchana wote huwa pale chini ya miti, wakicheza petanki. Waliniona nikija peke yangu, mfuko wa nguo zake mkononi. Loubet alikuwa ameshaingia ndani ya duara, tufe la chuma kiganjani. Hakulirusha. Alitembea taratibu hadi kwenye kile kijimpira cha mbao tunachokiita kinguruwe, ambacho matufe yote hukikimbilia, akakiokota, akakitia mfukoni. Mchezo ukaishia hapo. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa anaongoza.

Kwenye mazishi walimsifu kwa upigaji wake. Mimi, kila nikifumba macho, namwona amepiga magoti Ghent.

Petanki ya wawili wawili ina mwekaji na mpigaji. Mwekaji huinama, akalilaza tufe lake karibu na kinguruwe; aliye karibu zaidi hupata pointi, na wa kwanza kufika kumi na tatu hushinda. Mpigaji huja kulifukuza la wapinzani: hulirusha lake juu, likashuka juu ya lile jingine kwa mlio mmoja mkavu, na watu wakageuza vichwa. Régis alikuwa mpigaji tangu ujana wake, alipokuwa akichomelea meli bandarini. Mimi nilikuwa mwekaji. Katika usichana wangu nilipiga, uani kwa baba, nikigombana na kaka zangu. Nilipoolewa nikaweka, kama wake wengine wote pale uwanjani. Hakuna aliyeniuliza kama napenda, wala mimi sikujiuliza.

Kisha ukaja msimu wa baridi ambao mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kikombe cha kahawa kikahamia mkono wa kushoto. Akawa anaamka kabla yangu ili afunge vifungo vya shati bila kuonekana. Uwanjani alipokosa, alisema jua linamwingia machoni, hata siku za mawingu. Sikuwa na hofu ya kushindwa. Nilichoogopa ni siku atakayopiga hewa mbele ya watu wote, arudi nyumbani, atie matufe kabatini na kuketi dirishani mpaka mwisho wake. Nilimjua. Angefanya hivyo bila kusema neno. Nami sikujua ni kwa maneno gani mke humwambia mume kama yule: niachie mimi nipige.

Safari ya Ghent, mji wa mbali kaskazini, niliitaka mimi. Tulikuwa tunatimiza miaka mingi ya ndoa, na nilitamani mji wenye mifereji na makanisa, hoteli yenye kifungua kinywa, siku tatu bila kupika. Régis alikataa hadi alipogundua kwamba Jumapili hiyohiyo kulikuwa na mashindano ya mume na mke huko. Basi mimi nikaiita safari ya ndoa, yeye akaiita safari ya mashindano, na tukakata tiketi moja ya treni.

"Mnakwenda kucheza na watu wanaotia mayonezi kwenye chipsi," Loubet alituambia siku ya kuaga. "Mkirudi mmembusu Fanny, msipite njia hii."

"Miaka yote hii Fanny hajawahi kuyaona masharubu yangu," Régis akajibu. "Wewe naye, ndugu yangu, mmezoeana mpaka mnasalimiana kwa majina."

Fanny ni msichana wa kwenye picha, ukutani kwa kilabu chetu, nyuma ya kipazia. Ametugeuzia mgongo, sketi juu, makalio nje. Anayefungwa kumi na tatu kwa sifuri hupiga magoti na kuyabusu, huku wenzake wakigonga kengele. Loubet alishabusu mara kadhaa. Régis, kamwe.

Ghent tulitembea sana. Hakukubali kuyaacha matufe hotelini, akayabeba begani hadi ndani ya kanisa kuu, ambako mlinzi alifungua ule mfuko mzito na kutuangalia kwa muda kabla ya kuturuhusu. Mbele ya mchoro mkubwa wa madhabahuni, mwanakondoo amesimama kwenye uwanda wa kijani, watu wananong'ona sala, Régis akaniinamia sikioni.

"Majani mazuri, lakini tufe lisingetembea hapo."

Nilicheka hadi mlinzi akaja tena.

Jioni tulisimama darajani. Tangu asubuhi mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti. Nikaingiza wangu humohumo, nikaukuta. Ulitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Baridi," akasema.

Ilikuwa Mei, na wavulana walikuwa wanaogelea mferejini. Nikasema ndiyo, baridi. Hakuutoa mkono wake, wala mimi wangu.

Jumapili tukapangiwa vijana, Wouter na mkewe Lieselot, watu warefu wenye adabu. Ukumbi ulikuwa wa kufunikwa, changarawe laini, hakuna jua la kulaumu. Régis alikosa la kwanza. Akakosa la pili, likagonga ubao wa nyuma, na ubao ule ulikuwa na sauti kubwa. Niliweka vizuri siku ile, lakini mwekaji peke yake hashindi. Kila nilichokiweka Wouter alikipiga. Tulipofikia kumi kwa sifuri, watu wa meza za jirani wakawa wanatazama vikombe vyao.

Wakafika kumi na mbili. Tufe la Lieselot lilikuwa limekigusa kabisa kinguruwe. Tulibakiwa na matufe mawili, langu na la Régis. Régis akaingia kwenye duara. Akaunyanyua mkono, ukacheza, akaushusha. Akaunyanyua tena. Kisha akatoka nje ya duara.

"Odile," akasema, "piga wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitaweka. Kwani kuweka kuna kazi gani? Si umeniambia miaka yote kwamba ni rahisi?"

Sikuwahi kumwambia hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akisema. Nikaingia. Mkono ulikumbuka ua wa baba kabla ya kichwa. Tufe likapanda, likashuka, na ule mlio mkavu ukajaa ukumbini; la Lieselot likaruka hadi ubaoni. Sikukitazama kinguruwe. Nilimtazama Régis, naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Lilibaki tufe la Wouter, si mbali. Régis akainama kuweka. Mkono ulimtetemeka wazi, mbele ya wote, naye hakuuficha. Tufe likajikokota, likasimama mbali na kinguruwe kuliko lile la Wouter kwa upana wa kiganja tu. Kumi na tatu kwa sifuri.

Vijana wakatushika mkono.

"Fanny yuko wapi?" Régis akauliza.

"Fanny gani?" Wouter akashangaa. "Hatuna mchezaji wa jina hilo."

Régis akaeleza, kwa Kifaransa na kwa mikono. Lieselot akawa mwekundu. Picha hawakuwa nayo.

"Basi geuka, mke wangu," Régis akaniambia.

"Régis, watu wanaona."

"Sasa Fanny bila watu ana maana gani?"

Akapiga magoti kwenye changarawe, goti moja kisha jingine, akabusu koti langu la mvua, nyuma, mahali panapostahili. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kunyanyuka akashindwa, ikabidi Wouter amshike huku, mimi kule.

"Na mimi je? Si tumefungwa wote?" nikamuuliza.

"Wewe ulipata. Aliyekosa ni mimi."

Tuliporudi, Loubet alikuwa anatusubiri uwanjani na maswali yake.

"Nimembusu," Régis akamwambia kabla hajaulizwa.

"Yukoje huyo wa huko?" Loubet akauliza.

"Anavaa koti la mvua. Halafu sikia: kuanzia leo Odile anapiga, mimi naweka."

"Mwanamke apige?"

"Weka tufe lako hapo uone."

Akaweka kwa miaka iliyobaki, kwa mkono uleule. Mara nyingine tufe lilimponyoka na kwenda lilikotaka, akalisindikiza kwa matusi hadi mwisho. Aliacha kucheza wiki aliyolazwa, si kabla.

Siku hizi nacheza mtu kwa mtu. Katika mchezo huo unaweka mwenyewe na kupiga mwenyewe. Loubet anataka tucheze wawili wawili. Nimemwambia tutaona baada ya Pasaka.