Wali Uliolala

Samatar, Msomali, alipokuwa kijana alitia makaa kwenye tanuri za meli, na humo melini mpishi mmoja wa Kichina alimlisha wali ambao hakuusahau maisha yake yote. Sasa alikuwa mnunuzi wa ng'ombe mjini Kitui, ndevu zimetiwa hina. Mwaka ule wa 1936, mvua ilipokataa kwa mara ya pili, wali ule ulimrudia kichwani kwa sababu ya mgeni.

"Anakuja Alhamisi, siku ya soko," alimwambia Mutindi, mpishi wake. "Ndiye mwenye neno juu ya kisima cha Nuu. Akikubali, ng'ombe wangu watakunywa mpaka mvua irudi. Nataka ale kitu ambacho hajawahi kula: wali wa yule Mchina wa melini, uliokaangwa na mayai. Anaitwa Kilonzo."

Mutindi alikuwa akichambua mchele kwenye uteo. Vidole vyake vilisimama.

Kilonzo alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Miaka mitatu nyuma, mtoto wa Kilonzo alikunywa uji nyumbani kwa Mutindi, akafa kabla jua halijatua. Kilonzo akatangaza mbele ya wazee kwamba mjane huyo ni mchawi, na kwamba mkono wake ukimdhuru mtu mwingine hata mmoja, ataapishwa kwa kithitu. Kiapo hicho cha Wakamba hakina mchezo. Ukisema mkono wangu haukudhuru, na kumbe ulidhuru, unakufa wewe, kisha kinawafuata wa damu yako. Na Mutindi alikuwa na binti mmoja tu, Ndila, aliyeolewa kule Salama, mwenye watoto wawili wadogo.

"Bwana," alisema polepole, "mgeni huyo apikiwe na mtu mwingine."

"Nani? Falis?"

Falis, mke wa Samatar, aliangua kicheko pale mlangoni. "Mimi nishike mayai? Kwetu hicho ni chakula cha mwewe! Mama Ndila, nyinyi mnamkaanga kuku hata mguu hajaota!"

Basi ikawa Mutindi. Samatar akachuchumaa karibu na meko, akamfundisha kwa furaha kama mtu anayesimulia harusi yake.

"Wali unapikwa leo, unaliwa kesho. Maji yawe machache. Ukiiva, umwage kwenye sinia, utandaze mwembamba kama mkeka, upepo uupige mpaka upoe. Uuache wazi. Asubuhi kila punje iwe peke yake, haimjui jirani yake."

"Wazi, bwana? Mpaka asubuhi?"

"Wazi. Mchina yule akikuta umefunika, anakutupia mwiko."

Jumatano jioni Mutindi aliosha mchele mara tatu, akatia maji yaliyopita mchele kwa pingili moja ya kidole, akapika kwa moto wa chini na makaa juu ya kifuniko. Ulipoiva aliumwaga kwenye sinia kama alivyoambiwa. Mvuke ukapanda. Akakaa akiutazama.

Kwao hakuna mwanamke anayeacha chakula kilichoiva kikiwa wazi hadi asubuhi. Anayefanya hivyo amemwachia nafasi kila anayemchukia. Na dirisha la jiko lile lilikuwa tundu tu, halina ubao. Nje ya ukuta watu wa Nuu waliokuja na fahali wao walikuwa wakiwasha moto, wakiongea Kikamba cha kule kwao. Mmoja alicheka, na kicheko kile alikijua: cha Kilonzo.

Mutindi akaukusanya wali ungali moto, akaushindilia kwenye sufuria, akafunika, akafunga leso mafundo mawili, akaiweka penye mawe ya meko yenye joto, mahali mkono wake ungeifikia kutoka kwenye mkeka wake.

Asubuhi mafundo yalikuwa vilevile. Akamshukuru Mungu.

Lakini alipoinua kifuniko, kilidondosha maji. Wali ulikuwa donge moja, katikati bado una uvuguvugu. Harufu yake haikuwa mbaya hasa. Ilikuwa kama ya papai lililopitiliza. Aliposugua punje kati ya vidole, ilivuta uzi mwembamba. Mchele mwingine haukuwepo, na kwenda dukani kwa Mhindi kungemfanya Samatar aulize. Tayari sauti ya mgeni ilikuwa uani.

"Moto utausafisha," alijiambia.

Akalivunja donge kwa vidole vilivyolowa. Akaacha karai lipate moto mpaka lifuke moshi, akatia samli, kisha mayai sita yaliyopigwa na chumvi. Yakafura pembeni kama povu. Kabla hayajakauka akamwaga wali, akaukandamiza kwa mgongo wa mwiko, akaugeuza, akaurusha, mpaka punje zikaanza kurukaruka zenyewe. Majani ya kitunguu yakaingia mwisho. Harufu ikajaa ua mzima, hata Falis akasogea.

"Haki ya Mungu, kinanukia kuliko kilivyo."

Kilonzo alikuwa ameketi mkekani, fimbo magotini. Mutindi alipoweka sinia mbele yake, alimkazia macho.

"Kumbe ulikimbilia huku."

"Karibu chakula, shemeji."

"Samatar, wewe huli?"

"Nimefunga. Kila Alhamisi nafunga."

"Na mkeo?"

"Yeye hali mayai."

"Nyumba nzima ina sababu," alisema Kilonzo. "Mwanamke, onja."

Mutindi akachukua kwa vidole vitatu, akameza, akaonyesha kiganja kitupu.

"Tena."

Akaonja tena. Ndipo Kilonzo akala, mwanzo kwa mashaka, halafu kama mtu aliyetembea siku tatu nyuma ya fahali. Sinia likang'aa. Akabeua.

"Kisima ni chako, Samatar. Na wewe, mke wa ndugu yangu, umejifunza kupika. Zamani ulijua uji tu."

Akaondoka kwenda sokoni akicheka.

Sala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha Mulei, muuza nyama, alipoingia akihema.

"Mgeni wenu anatapika! Ameanguka pale zizini, hawezi kusimama, na anataja jina la mama huyu. Watu wa Nuu wamemtuma mtu akalete kithitu."

Samatar akageuka. "Mutindi. Uliutandaza?"

"Niliutandaza."

"Ukauacha wazi?"

"Niliufunika."

"Kwa nini?"

"Ili mtu asitie kitu."

Samatar akashika ndevu zake. "Basi uliharibika tu. Tutawaambia uliharibika."

"Watauliza," alisema Mulei, "mbona aliyeuonja ni mzima?"

Wote wakamtazama. Mutindi akalisikiliza tumbo lake. Lilikuwa limetulia kabisa, kama la mtu aliyekunywa maji ya asubuhi. Na kiapo kingemuuliza neno moja tu: mkono wako ulimdhuru? Asingeweza kusema haukumdhuru. Akaona uso wa Ndila, na nyuma yake nyuso mbili ndogo. Lakini yeye mwenyewe akiugua mbele ya watu, wataona kosa ni la wali, na hakuna atakayemwapisha.

Akaenda jikoni, akachukua karai. Lilikuwa limebaki na wali wa kutosha mtu mmoja, umepoa, samli imeganda pembeni. Akaketi langoni, mahali ambapo kila anayetoka sokoni angemwona, akaanza kula.

"Mama Ndila!" Falis alipiga kelele. "Wacha! Unajiua!"

Hakujibu. Alitia tonge juu ya tonge, akimeza kabla hajatafuna. Upande wa soko vumbi lilikuwa linainuka, na sauti za wanaume wengi zilikuwa zinakaribia. Mutindi akakwangua karai kwa kucha mpaka chuma kikabaki kitupu, kisha akaweka kiganja tumboni, akaliomba lifanye haraka.